Mkaguzi wa Kinanda

Nilikuwa nimetoka kununua spiriti.

Si ya kunywa, kabla hujaanza kunihukumu. Ni ile ya rangi ya zambarau inayouzwa kwa chupa ndogo, ya kusafishia vyuma. Adhana ya magharibi ilikuwa imeshaitwa pale Makina, wenye maduka walikuwa wanafunga, na mvua ya Machi ilikuwa imegeuza njia zote za Kibera kuwa uji. Nilitembea nimeshika viatu mkononi. Mwaka ulikuwa 1977, na mume wangu alikuwa na siku kumi na saba tangu azikwe.

Nilipokata kona nikaona mtu amesimama mbele ya mlango wangu. Suti ya kahawia. Kofia. Penseli nyekundu nyuma ya sikio. Nilimtazama miguu kabla ya uso, kwa sababu siku hizo za matope sote tulikuwa tunatazamana miguu.

Viatu vyake vilikuwa vikavu.

Vikavu, na vinang'aa. Matope yalikuwa yamenifika mimi hadi kwenye vifundo, na huyu alikuwa amesimama katikati yake bila doa. Nikamuuliza anamtaka nani. Akanijibu kwa kunong'ona kwamba hamtaki mtu, anapita tu kukagua kazi.

"Kazi gani?"

"Ya kinanda. Imeisha?"

Nikamwambia fundi amekufa. Sikumwambia kwa upole, maana nilikuwa nimechoka kulisema neno hilo kwa watu nisiowajua. Yeye akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, akasema basi mwingine ataanza. Niligeuka kufungua kufuli. Nilipogeuka tena hakuwepo. Nyayo zangu zilikuwepo pale kwenye matope. Zake hazikuwepo.

Iliyobaki ilikuwa harufu... Harufu ya risasi ya kuungia waya ikiyeyushwa kwa chuma cha kulehemu, ile iliyokaa kwenye mashati ya mume wangu miaka kumi na moja. Hakuna mtu aliyekuwa analehemu mahali popote.

Halafu ndani ya chumba changu, chumba kilichofungwa kwa kufuli, kinanda kikalia.

Nacho hakikuwa kimewashwa.

Ngoja nikueleze vizuri, usije ukadhani mimi ni wale wanawake wa kuona mapepo kila panya akikimbia darini. Jina langu ni Nekoye. Mume wangu aliitwa Lusweti, fundi wa redio. Tulipanga chumba kwa Mama Bakhita, mama wa Kinubi, mmoja wa wenye nyumba wachache wa Makina waliokuwa wamevuta stima. Binti yetu Sella tulikuwa tumemwacha kwa nyanyake Bungoma. Chumba chetu kilikuwa kitanda, meza ya kazi, na redio za watu zilizopasuliwa matumbo.

Kinanda kilikuja kwa mkokoteni mwezi wa pili. Mchungaji Obiero wa kanisa moja dogo la Kawangware alikipata kwenye nyumba ya Mzungu aliyekuwa anahama Lavington. Kilikuwa kinanda cha stima, cha kuchezwa sebuleni, cha miaka mingi, kizito kuliko kabati. Safu mbili za vitufe vyeupe na vyeusi, pedali za mbao za kukanyaga kwa miguu, na ndani yake zile chupa za vioo ambazo mafundi huziita valvu, zinazowaka taratibu ukiwasha. Kilikuwa kigonjwa. Pedali moja ilinguruma bila kukanyagwa. Spika ilikohoa. Na upande wa kulia kulikuwa na kitufe kimoja, la ya juu, ile la ya do re mi fa so la, kilichotoa sauti nyembamba ya mbu. Kwaya ilikitaka kwa Pasaka, na kamati ilisema itakuja kukichukua Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Ijumaa ya kuamkia siku hiyo, jioni, nilikuwa nimeenda kuteka maji. Mama Bakhita ndiye aliyemkuta Lusweti ameketi kwenye kigoda, mkono wake umeingia ndani ya kinanda hadi kwenye kiwiko, macho wazi.

Walisema ni stima. Lakini siku ile stima ilikuwa imekatika Makina nzima tangu saa tisa. Fundi mmoja alinieleza kwamba ndani ya mashine kubwa kuna kondensa, vikopo vinavyoweka stima hata baada ya kuizima, na ukigusa vibaya vinaua. Labda. Maelezo hayo mimi huyakubali mchana. Jioni huwa siyakubali.

Baada ya mazishi shemeji yangu Wekulo alinitaka nibaki nyumbani Bungoma, niuze vyombo vya kazi, na hicho kinanda kitupwe mtoni. Mchungaji Obiero naye alisema kichomwe, kanisa halitaki kitu kilichoua mtu. Nikawaambia wote wawili hapana. Lusweti alikuwa ameipokea kazi kwa mikono yake, na kazi iliyopokelewa hurudishwa ikiwa imekamilika. Wekulo alicheka, akauliza tangu lini mwanamke akafungua mashine. Nilimuuliza anadhani nani alikuwa akishika tochi kwa miaka kumi na moja. Nani alipasha kile chuma kwenye jiko la makaa kila stima ilipokatika? Nikapanda basi nikarudi Nairobi, nikafika asubuhi ya siku ile ya spiriti, kabla udongo wa kaburi haujakauka. Wacha waseme.

Basi jioni ile ya spiriti nilisimama mlangoni, ufunguo mkononi, nikasikiliza. Zilikuwa sauti tatu. Ya chini ilinguruma. Ya katikati ilikohoa... ikanyamaza... ikakohoa. Ya juu ilikuwa ile ya mbu, nyembamba, haikatiki. Nikafungua, nikachungulia: waya wa kinanda ulikuwa umelala sakafuni, haujachomekwa popote. Mama Bakhita alitoka chumbani kwake na chetezo cha ubani, akasimama nyuma yangu.

"Hicho kitu kinasema kila magharibi tangu ulipoenda kuzika," alininong'oneza. "Na yule mwenye viatu safi anakuja kukisikiliza. Usimkaribishe ndani, Mama Sella. Hata akikuamkia, usiseme karibu."

Sauti zilinyamaza giza lilipoingia. Mwili wangu wote ulikuwa unatetemeka. Nami nikikasirika ndivyo ninavyotetemeka, kwa hiyo sikujua ni hofu au ni hasira, nikaamua ni hasira.

Asubuhi nilifungua ubao wa nyuma.

Mafundi wa wakati ule walikuwa na desturi yao. Ukimaliza kutengeneza mashine ya mtu, unaandika ndani yake kwa penseli: jina lako, tarehe, ulichotengeneza, na neno tayari. Mwenye mashine haoni. Ni neno la fundi kwa fundi atakayefungua baada yake. Na lilikuwa na mwiko mmoja ambao Lusweti alinifundisha hata kabla hajanifundisha kushika bisibisi: huandiki kabla ya kumaliza. Redio ikishaimba, ndipo penseli inatoka. Niliwahi kumwona akikataa chakula cha mchana kwa sababu alikuwa hajaandika, na hakuweza kuandika kwa sababu redio ilikuwa bado inakwaruza.

Ndani ya kinanda kulikuwa na majina matatu.

C. Menezes, 1964. Pedali, tayari. Huyu aliandika kwa Kiingereza, lakini maana ni hiyo.

P. Muema, 1971. Spika, tayari.

W. Lusweti, 25/2/77. La ya juu, tayari.

Niliusoma mwandiko wa mume wangu mara mbili. Hiyo ndiyo tarehe aliyokufa. Na ile la haikuwa tayari. Wala spika haikuwa tayari, wala pedali. Wanaume watatu walikuwa wameandika uongo ndani ya mashine moja.

Chini ya jina la Lusweti kulikuwa na mstari mtupu. Umepigwa kwa rula. Mpya.

Mtu mwenye akili angefunga ubao ule na kukimbilia Bungoma. Mimi nilianza na pedali. Sikuwa nimeelewa chochote bado, nilianza nayo kwa sababu iko chini na mtu huanza chini. Springi yake ilikuwa imeliwa na kutu, kwa hiyo ulimi wa shaba ulikuwa umelalia waya saa zote. Nikasugua kwa kitambaa chenye spiriti mpaka shaba ikarudi rangi yake, nikaweka springi ya mtego wa panya niliyoikata nusu. Nikawasha, valvu zikapata moto, nikakanyaga. Sauti ikatoka nene, ikanyamaza nilipoinua mguu.

Magharibi ya siku hiyo zilikuja sauti mbili tu. Ile ya kunguruma haikuja.

Nilikaa kitandani nikaitafakari hiyo. Kesho yake nikaenda Kawangware. Mchungaji Obiero alinieleza kwamba Muema alikuwa fundi wa huko huko, akifanyia kazi nyumba za Lavington, na dada yake Ndeti alikuwa bado anauza mboga karibu na kanisa. Nilimkuta anakata sukuma wiki. Nilipomtajia kinanda na kikohozi chake, kisu kikasimama.

Ndeti alinihadithia bila kuniangalia. Kaka yake alikuwa mgonjwa wa kifua, akikohoa mchana kutwa. Siku ya mwisho alirudi nyumbani kula, akamwambia kuna mkaguzi kule kwa Mzungu anayemsumbua, mtu wa kunong'ona, anayetaka aandike jina kwamba spika imeisha, karatasi iliyochanika ataigundisha kesho kwani ni kitu kidogo. Muema alikuwa anataka kupumzika. Akaandika. Alirudi jioni kuchukua vyombo vyake, na hakutoka tena kwa miguu yake.

"Kaka yangu hakuwa mwongo," Ndeti alisema. "Alidanganya hiyo siku moja tu, tena kwa penseli. Sasa niambie ukweli, mama. Ni yeye anakohoa huko ndani?"

Nilimwambia ndiyo. Nikamwambia pia anipe siku moja.

Spika ilikuwa imechanika karatasi yake, ufa wa kidole kimoja. Nilipika uji mzito wa unga wa ngano, nikapaka kipande cha karatasi ya kaki ya sukari, nikabandika, nikaacha kikauke juani nikikifukuzia kuku wa Mama Bakhita. Jioni hiyo hakukuwa na kikohozi. Nilituma ujumbe Kawangware, na baadaye niliambiwa Ndeti alifunga kibanda, akaenda kulala mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka sita.

Ikabaki sauti moja.

Na hapa ndipo nitasema yanayoniaibisha. Kazi ya mwisho nilijua namna ya kuifanya. Ilikuwa kondensa moja iliyokauka, ya kutoa na kuweka nyingine. Mkono wa mwanafunzi ungeiweza. Mimi nilikaa siku tisa bila kuigusa.

Lusweti alikuwa na tabia ya kuimba puani akilehemu. Hakuwa na wimbo, ilikuwa sauti moja tu nyembamba mpaka risasi ishike. Ndiyo hiyo iliyokuwa inatoka kwenye kinanda. Jioni ya kwanza niliisikia nikalia. Jioni ya pili nilipika chai nikamimina vikombe viwili. Nilimweleza habari za Sella, za Wekulo, za bei ya sukari. Sauti ilikuwa inaendelea tu, naye hakunijibu, lakini alikuwepo chumbani. Nilimpenda mume wangu. Sijui kama inaruhusiwa kuandika hivyo kwenye hadithi za kutisha, ila mimi nimeandika.

Siku ya tisa Mama Bakhita aliingia bila kubisha, akaviona vikombe.

"Unamletea mfungwa chai," alisema. "Si umfungulie mlango?"

Nilimfokea. Mama wa watu, mwenye nyumba yake, nilimfokea mpaka wapangaji wakatoka nje. Alinisubiri nimalize, akachukua kile kikombe cha pili, akanywa chai yote, akaenda zake.

Kesho yake saa kumi alasiri nilifungua ubao wa nyuma.

Kondensa ya kuweka niliipata kwenye redio ya Lusweti mwenyewe, ile aliyosikilizia taarifa ya habari. Niliizima, nikaifungua, nikakitoa kile kikopo. Nilichomoa waya wa kinanda ukutani. Nikachukua bisibisi yenye mpini wa mbao, nikagusisha ncha yake kwenye kondensa kubwa za ndani, moja moja, kumwaga stima iliyolala, vile alivyonifundisha. Cheche zilitoka, zikaisha. Mashine ilikuwa imekufa kabisa.

Saa kumi na mbili kasoro, stima ikakatika Makina nzima.

Niliwasha taa ya mafuta, nikatumbukiza chuma cha kulehemu kwenye jiko la makaa. Mlango niliuacha wazi kwa ajili ya moshi. Adhana ya magharibi ikaanza, na kinanda kikaanza kuimba puani, kwa sauti ya mume wangu.

Halafu ile harufu.

Viatu vikavu vilikuwa kwenye kizingiti.

"Naweza kuingia?"

"Simama hapo hapo."

Alisimama. Hakukasirika. Aliniuliza kwa kunong'ona nina haja gani ya kuharakisha. Akasema kazi hii si lazima iishe. Mtu anaweza kuandika jina lake pale kwenye mstari, tayari, akafunga ubao, na kila jioni hadi mwisho wa maisha yake akawa na mpendwa wake karibu.

"Na baada ya maisha?" nilimuuliza.

"Mtakuwa pamoja," alinong'ona. "Ndani."

Nitakuambia ukweli. Mkono wangu ulisimama. Nililitazama lile giza nyuma ya waya na vumbi, nikafikiria kwamba kuna mahali pabaya zaidi pa kwenda. Sauti ya Lusweti iliendelea. Kisha ikafanya kitu ambacho haikuwa imefanya siku zote tisa.

Ilikatika kidogo... ikaanza tena... ikakatika.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akinyamaza nilipokosea. Nikishika waya mbaya, ule wimbo wa puani ulikuwa unasimama, hana haja ya kunigombeza. Nilitazama mkono wangu. Ulikuwa umebakiza upana wa kidole kimoja tu kuigusa kondensa kubwa. Ile niliyokuwa nimeimwaga stima saa nzima iliyopita, na Makina nzima ilikuwa giza.

Nilichukua bisibisi nikagusisha.

Cheche iliruka hadi darini. Ncha ya bisibisi ikayeyuka. Na mlangoni, yule mtu akavuta pumzi, kama aliyeonjeshwa chakula akanyang'anywa.

"Wewe ndiye uliyemuua," nilimwambia.

"Mimi hukagua tu."

Nilitoa chuma kwenye makaa. Nilikata kile kikopo kilichokauka, nikaweka kingine, nikagusa risasi. Ikayeyuka, ikang'aa, ikashika. Nikafanya upande wa pili. Sikuwa natetemeka tena. Kinanda kilikuwa kimenyamaza.

"Vizuri," akanong'ona. "Umemaliza. Andika sasa."

Penseli nyekundu ilikuja ikibiringika sakafuni peke yake, kutoka kizingitini, ikapita chini ya meza, ikagusa mguu wangu.

Ilikuwa baridi.

Niliiokota. Kazi nilikuwa nimeimaliza, kila mtu angesema hivyo. Nililiona jina la Lusweti na tarehe yake, na hapo ndipo ilipoingia akilini mwangu, siku ile ilikuwaje. Stima imekatika tangu saa tisa. Amekwisha kulehemu. Kamati inakuja asubuhi. Na mtu mlangoni anamwambia umemaliza, andika. Kondensa aliyoiweka ilikuwa mbovu, na angeijua mara moja kama angeisikia, ila hakungoja aisikie. Fundi mwangalifu kuliko wote niliowajua aliandika tayari kwa mashine ambayo hakuwa amesikia ikiimba. Akaingiza mkono kusukuma nyaya ndani ili afunge ubao.

"Bado haijalia," nikasema.

"Stima haiwezi kurudi leo."

"Basi nitangoja."

Nikavuta kigoda nikaketi nikimtazama. Naye akanitazama. Taa ya mafuta ilianza kufifia. Alinong'ona mengi. Alijua jina la mtoto wangu. Alijua Wekulo alisema nini kuhusu mimi kaburini nilipoondoka. Aliniambia nitakufa nimeketi kwenye kigoda kile kile. Nikamwambia kigoda ni kizuri, mume wangu alikitengeneza mwenyewe. Kwa kweli nilikuwa nakaribia kujikojolea, lakini hilo hakuwa amekuja kulikagua.

Adhana ya isha ilipoitwa, balbu ikawaka.

Nilichomeka waya. Valvu zikapata moto taratibu, rangi ya chungwa, moja baada ya nyingine. Nikaweka kidole kwenye la ya juu.

Ikaimba.

Safi. Wala si ya mbu, wala si ya puani. Ilijaza chumba, ikatoka nje, na nikamsikia Mama Bakhita upande wa pili wa ukuta akisema alhamdulillahi. Niliishikilia mpaka kidole kikauma, kwa sababu nilijua nikiinua itakuwa nini. Kisha nikainua. Nikazima. Nikasikiliza.

Hakukuwa na kitu chumbani. Neno la Lusweti pale ndani sasa lilikuwa kweli, na yeye alikuwa ameondoka. Nililia kwa sauti, nikiwa nimekumbatia kile kinanda.

"Sasa zamu yako," kikanong'ona kile kiumbe. "Imelia. Umesikia. Mstari ni wako."

Na hapo alikuwa na haki. Desturi ni desturi, fundi akimaliza huandika. Nikainama kwa penseli yake mwenyewe, juu ya mstari wake mwenyewe, nikaandika: Nekoye, 1977. Nilimsikia akisogea, kiatu kimoja kimevuka kizingiti. Halafu, mahali ambapo wanaume watatu waliandika tayari, mimi nikaandika bado.

Kwa sababu mashine ya zamani haimalizwi. Leo ni pedali, kesho ni valvu, kesho kutwa mende wametaga kwenye waya. Hutunzwa tu. Mtu yeyote aliyekaa na mashine kuukuu, au na mume, analijua hilo.

Nilipoinua kichwa kizingiti kilikuwa kitupu. Penseli mkononi mwangu ilikuwa imegeuka mkaa, ikamomonyoka.

Mchungaji Obiero alipokisikia alibadili mawazo, na kinanda kililia Kawangware siku ya Pasaka. Ndeti aliketi mstari wa mbele, wala hakuwa mtu wa kanisa lile. Wekulo sikurudi kwake, nilitundika kibao Makina, Fundi Nekoye, na waliocheka waliniletea redio zao kabla mwaka haujaisha. Sasa ni 1986. Kila mwezi mimi huvuka kwenda Kawangware na chupa yangu ya spiriti, jiko dogo la makaa na chuma cha Lusweti, nafungua ubao wa nyuma, nasugua, nakaza, nafunga. Ubao huo niliutia kufuli, na ufunguo wake uko shingoni mwangu, hakuna mwingine.

Mwezi uliopita nilifungua nikakuta neno langu limefifia. Vumbi halifanyi vile. Lilikuwa limefutwa kwa raba, taratibu, kutoka mwisho. Zilikuwa zimebaki herufi mbili za kwanza. Jina langu halikuguswa. Na juu ya valvu, ndani ya kinanda kilichofungwa, kulikuwa na penseli nyekundu, imechongwa upya.

Sijui kama bado yangu iliniokoa au ilinisogezea siku tu. Nina miaka arobaini na minane, na kuna siku nitakufa kazi ikiwa haijaisha. Labda hiyo ndiyo siku anayoingoja. Niliketi kwenye sakafu ya kanisa, jua linazama, na ile harufu ikaanza kuingia chini ya mlango.

Nikawasha jiko. Nikakitia kile chuma cha Lusweti kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, nikaliandika neno langu upya, polepole, likizama ndani ya mbao na moshi unapanda.

Hebu afute hilo.